Nilitoa Noah nikachukua Subaru Impreza STI, huu mwezi wa 14: nawaletea hesabu yote

#1 – MLETA UZI

Habari zenu wakuu. Humu kila baada ya siku mbili tatu anatokea mtu anauliza, nina Noah, nina Ipsum, nina Rav4, nataka niitoe niongeze hela juu nichukue gari ya spoti, na majibu anayopewa ni yale yale, nusu wanamwambia maisha ndo haya haya, nusu wanamwambia kanunue kiwanja. Mimi hicho kitu nimekifanya na nina miezi 14 sasa, kwahiyo nimeona nikae chini niandike nilichokiona, kilichonifurahisha na kilichoniuma. Ni mrefu, mwenye haraka arudi jioni.

Nilikuwa na Noah ya 2003, ile AZR60, injini 1AZ ya D4, siti 8, milango ya kuburuza. Nimekaa nayo miaka 6 naishi Madale, na anayekujua Madale anajua barabara za ndani kule masika zinavyokuwa. Ile Noah ilibeba watoto shule, ilibeba chakula cha kuku mifuko 12 kwa safari moja kutoka Tegeta (mama watoto anafuga kuku wa mayai), ilibeba wagonjwa wa mtaa mzima usiku, ilibeba misiba na vikao vya harusi. Kwetu ni Lushoto, kila nikipanda nashuka na viazi, kabichi, pichi na wajomba watatu juu yake.

Ila tangu nipo sekondari mimi ni mtu wa Impreza. Sitaki kuwadanganya kwamba kulikuwa na sababu nyingine, roho ilikuwa inaitaka hiyo gari na umri unaenda.

Ikatokea jamaa mmoja ana STI ya 2004, ile wanayoiita GDB kwa namba ya bodi, manual gia 6, breki Brembo, na mke wake alikuwa anategemea mapacha, yeye ndo alikuwa anatafuta Noah. Dalali akatukutanisha. Yeye STI anataka 24, Noah yangu tukakubaliana 13, tukavutana wiki nzima nikaishia kuongeza milioni 9 na nusu. Kwa karatasi ni biashara safi, kila mmoja kapata anachohitaji.

Kabla sijatoa hela nilifanya vitu vifuatavyo na hapa naomba anayetaka kubadilishana asome taratibu. Nilikwenda na fundi wangu mimi, sio wa muuzaji. Tukafika asubuhi, gari haijawashwa, fundi akaweka mkono juu ya injini kuhakikisha ni ya baridi kweli, kwasababu kuna watu wanaipasha gari kabla hujafika ili usisikie inavyogonga ikiamka. Tukachomoa plagi zote nne, na kwenye hii injini plagi ziko ubavuni sio juu, inabidi utoe betri na boksi la hewa ndo mkono upite, ni kazi ya saa nzima na zaidi. Tukapima kompresheni, yaani nguvu ya kubana hewa ndani ya injini, silinda moja baada ya nyingine. Zikapishana kidogo sana, fundi akasema ikizidi kama asilimia 10 kati ya silinda na silinda anza kuogopa. Namba ya chasisi tukalinganisha na kadi, deni la faini za trafiki tukaangalia kwa namba ya gari, mkataba kwa mwanasheria, na jina TRA tukabadilisha wiki hiyo hiyo kwa gari zote mbili. Msiache gari yenu ya zamani inatembea na jina lenu, ikigonga mtu mnatafutwa nyie.

Kitu ambacho hakikuwa na ushahidi ni taimingi belti. Mwenyewe alisema ilibadilishwa ila hana risiti wala kibandiko. Kwenye hii injini belti ni ya kilomita laki moja na ikikatika valvu zinakutana na pistoni, hakuna mazungumzo hapo. Nikaibadilisha siku ya tatu pamoja na waterpampu, tenshena na aidla zake. Ilipotoka ile ya zamani ilikuwa na nyufa ndogo ndogo mgongoni kama kisigino cha mtu aliyetoka shamba. Bado ninayo, iko kwenye droo.

Sasa utamu wake. Nilipanda nayo Lushoto mwezi wa pili wa kukaa nayo, alfajiri, mimi peke yangu. Ukiacha lami kuu pale Mombo unaanza kupanda, kona juu ya kona mpaka Soni, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande mwingine. Ile njia nimeipita maisha yangu yote, kwenye basi, kwenye Noah, na siku zote ni njia ya kuvumilia. Siku ile nilikuwa kwenye 40 mpaka 60 tu, gia ya pili na ya tatu, hakuna mbio za hatari, ila gari inashika kona kama imefungwa kamba, unakanyaga kidogo unasikia tabo (turbo, ile inayosukuma hewa ndani ya injini) inavuta pumzi na ule mngurumo wa injini ya boxer, ile yenye pistoni zilizolala ubavuni, unarudi kutoka ukutani. Nilifika Soni nikapaki pembeni nikakaa tu dakika kumi. Sijui niielezeeje. Kuna furaha ambayo mtu mzima anaisahau kabisa kama ipo.

Halafu sasa yaliyoniuma. La kwanza ni mayai. Wiki ya tatu mama watoto ana trei 20 za kupeleka Tegeta kwa mteja, siku zote zilikuwa zinakaa nyuma ya Noah zimepangwa. Kwenye STI buti ni dogo na siti za nyuma hazilali, tukapanga trei kwenye siti, nyingine chini, nyingine kapakata yeye. Springi za hii gari ni ngumu, na kutoka kwetu mpaka lami kuna makorongo. Nilikwenda mwendo wa konokono. Tulipofika tukahesabu, yamepasuka 41, ute umeingia kwenye reli za siti. Mama watoto hakusema neno, alitoa kanga akaanza kufuta. Ningefurahi angegomba.

La pili ni mama yangu mzazi. Ana goti bovu. Noah alikuwa anashika mpini wa mlangoni anapanda anakaa, amezoea. Nilipomfuata kuja Dar hospitali alisimama pembeni ya STI akaiangalia, akainama, akashindwa kushuka mpaka kwenye siti, tukamsaidia wawili. Njiani kila tuta alikuwa anashika goti. Alikuwa na gunia la viazi la kuwaletea wajukuu, likabaki kijijini kwasababu halikuwa na pa kukaa.

Hapo ndo nilielewa hesabu niliyokosea. Nilipiga mafuta, spea, bima, vyote nikavipatia vizuri tu. Nisichopiga ni kwamba ile Noah haikuwa yangu. Kadi ilikuwa na jina langu ila gari ilikuwa ya watu kumi na kitu na nimeibadilisha bila kumuuliza hata mmoja wao zaidi ya mke, na yeye alikubali kwasababu aliona ninavyoitaka.

Namba naziweka chini nikipata muda, ulizeni.

#2

Mkuu hongera kwa kuandika ukweli. Mimi nina Ipsum na kuna jamaa ananipa Altezza RS200, anataka niongeze milioni 3. Nimesimama kidogo baada ya kusoma hapo kwa mama. Lete namba tafadhali, mafuta hasa.

#3

Mleta uzi pole na hongera. Ila swali, kwanini usingeagiza mwenyewe Japan ukapata safi kuliko kuchukua iliyokwisha tumika hapa?

#4 – MLETA UZI

#3 niliangalia hiyo njia mkuu. Gari ikizidi miaka 10 TRA wanaipiga uchakavu asilimia 30 juu ya ushuru wa forodha 25, halafu kuna ushuru wa bidhaa wa cc, halafu VAT 18 inakuja juu ya jumla yote hiyo, yaani kodi inapanda juu ya kodi. STI ina cc 1994 kwahiyo kwenye cc inapona kidogo, ila uchakavu hauponi. Na bei yenyewe Japan imepanda, kwasababu Marekani gari ikifikisha miaka 25 inaruhusiwa kuingia kwao, na kuna watu kule wananunua hizi gari kwa fujo. Ukishindana na mnunuzi wa Marekani kwenye mnada unajua mwenyewe.

#2 namba hizi hapa, ni zangu mimi na uendeshaji wangu. Noah ilikuwa inanipa kama kilomita 9 kwa lita. STI foleni ya Tegeta Mwenge asubuhi inanipa 6, safari ndefu ukitulia 9 mpaka 10. Oili nabadilisha kila kilomita 4,000 na siwezi kuweka oili ya kupimiwa kwenye ndoo, tabo inakunywa oili hiyo hiyo na inazunguka kwa kasi ya kutisha, oili mbovu inaiua. Matairi 225/45 R17, na tairi mtumba kwa gari ya namna hii mimi sikushauri hata kwa dawa. Kitu kingine anayenunua rimu awe makini, za mpaka 2004 nati zake ni 5x100, za 2005 kuendelea ni 5x114.3, haziingiliani. Nilimuona mtu Ilala ameshalipia rimu za mwaka usiohusika, amezishika mkononi anaziangalia.

#5

Mimi ni fundi, ingieni hapa mnisikilize kidogo kuhusu mafuta maana naona watu wanaongelea bei tu. STI iliyotengenezwa kwa ajili ya Japan kompyuta yake imepangwa kwa petroli ya oktani 100. Fungua kifuniko cha tanki utakuta maandishi ya Kijapani yanasema hivyo hivyo, premium. Sasa sheli zetu za kawaida hiyo 100 huipati. Injini ya tabo ikinyweshwa oktani ndogo halafu ukaikanyaga, mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake, ile kugonga, na kila ikigonga ni nyundo juu ya pistoni. Kompyuta inajaribu kurudisha nyuma mlipuko kujiokoa lakini kuna kikomo. Mwisho wake ni pistoni kuvunjika pale kwenye mfereji wa ringi, unaanza kuona moshi wa bluu na oili inapungua. Nimefungua nyingi na karibu zote hadithi ni moja, mtu kanunua, kaweka mafuta ya kawaida, kaongeza presha ya tabo kwa mtu wa mtaani asubuhi, jioni yuko barabarani.

Dawa yake ni kumpata mtu anayejua kupanga upya kompyuta kwa mafuta ya hapa, ashushe presha kidogo. Utapoteza nguvu kiasi na gari itaishi. Na usiwahi kuzima ghafla umetoka kukimbia, tembea dakika mbili za mwisho taratibu tabo ipoe.

Mleta uzi kapima kompresheni, hapo nampa heshima. Wengi wanaangalia rangi na muziki.

#6

Huku Nairobi hii mada iko kila siku. Kwetu gari ikipita miaka 8 hairuhusiwi kuingia nchini kabisa, so GDB ziko hapa ni zile zile ziliingia zamani na zinazunguka kwa mikono, ukipata moja safi mwenyewe hawezi kukuachia rahisi. Na mapenzi ya hii gari huku hayakuanza jana, 1994 Patrick Njiru alimaliza namba nne Safari Rally na Impreza, mzee wangu alikuwa kando ya barabara siku hiyo na bado anaongea nayo mpaka leo kama ilikuwa juzi. Safari iliporudi kwa WRC, yale mashindano ya rally ya dunia, 2021 tulienda Naivasha msafara wa gari saba.

Ushauri wangu kwa wenye mnataka kubadilishana, usichukue gari ya kijana ambaye ameiuza baada ya miezi mitatu. Uliza amekaa nayo muda gani. Mtu akikaa na STI miaka mitano ujue ameitunza, hii gari haikubali uzembe wa miaka mitano.

#7

Mimi ni mke wa mtu aliyefanya hivi hivi, yeye alitoa Rav4 akachukua gari ya milango miwili. Milango miwili jamani na tuna watoto watatu. Sikupinga kwasababu ni hela yake na anafanya kazi sana. Ila naomba niwaambie kaka zangu kitu ambacho hamkioni. Gari ikiwa ndogo, anayeacha kwenda mahali sio nyie. Ni mimi ninayepanda bodaboda na mtoto mgongoni kwenda kliniki kwasababu kiti cha mtoto hakiingii nyuma, ni mama mkwe anayesema msijisumbue nitakuja na basi. Hakuna anayegomba ndani ya nyumba, kwahiyo mnaona mambo yako sawa.

Mleta uzi hapo kwenye mayai umenitoa machozi. Alivyotoa kanga akafuta. Sisi ndo tulivyo.

#8 – MLETA UZI

#7 dada yangu nimekusoma mara tatu. Nimempa mama watoto simu akasoma mwenyewe, akasema mwambie huyo dada namuelewa. Nitaandika nilichofanya.

#9

Wakuu nipo Mwanza, nina Toyota Wish, kuna mtu ana Mazda RX-8 ya 2005 anataka tubadilishane mkavu kwa mkavu bila kuongeza hata mia. Gari ni nzuri mno na cc ni 1300 tu, nikasema hata mafuta itakuwa kama Vitz. Mbona bei rahisi hivyo?

#10

#9 simama hapo hapo ulipo, fundi wa #5 nimerudi.

Hiyo 1300 isikudanganye. RX-8 haina pistoni, ni injini ya rota, kuna pembetatu mbili zinazunguka, kila moja ndani ya chumba chake chenye umbo kama la maharage. Inafikisha mizunguko elfu 9 kwa zile manual za gia 6 na unywaji wake wa mafuta ni wa gari ya cc kubwa, Vitz haihusiani kabisa. Halafu inakunywa oili kwa makusudi, imetengenezwa hivyo, ina pampu inayodondoshea oili kwenye chumba cha moto ili kulainisha sili za kwenye ncha za rota. Asiyejua anaendesha miezi mitatu bila kuangalia kijiti cha oili, sili zinakwisha, kompresheni inaondoka na injini imekufa, kufufua ni kufungua yote.

Dalili kubwa ya sili kwisha ni hii: iendeshe mpaka ipate moto kabisa nusu saa, izime, subiri dakika kumi, iwashe. Ikikataa au ikizungusha sana ndo iwake, mshukuru muuzaji na uondoke. Na kompresheni ya rota haipimwi kwa geji ya kawaida ya gereji, ina kifaa chake kwasababu kila rota ina pande tatu na kila upande unasomwa peke yake. Muulize fundi wako Mwanza kama ana hicho kifaa, kama hana basi hakuna mtu wa kukuhudumia hiyo gari ukishaichukua. Pia usiiwashe ikiwa ya baridi ukaisogeza mita tano ukaizima, mafuta yanafurika kwenye chumba na haiwaki tena mpaka uchomoe plagi.

Sisemi gari mbaya, ni injini nzuri sana kwa mtu anayeijua na anayeishi karibu na anayeijua. Jamaa anayetaka Wish yako bila kuongezwa hata mia, muulize amewasha lini mara ya mwisho ikiwa ya moto.

#11 – #9 tena

Nimeenda leo na huo ujanja wa nusu saa. Imezungusha kama sekunde kumi na tano haijawaka, mwenyewe akasema ni betri. Nikamshika mkono nikaondoka na Wish yangu. Fundi Mungu akubariki, nisingejua kabisa.

#12

Mleta uzi, vipi matuta na tope? Na tochi za trafiki za kupima mwendo? Mi nahisi hii gari ningelala nayo kituoni.

#13 – MLETA UZI

Tochi ni tabia mkuu. Gari haikukimbizi, unajikimbiza mwenyewe. Tatizo lake ni kwamba 80 kwenye STI unaisikia kama 50 kwenye Noah, hakuna kutetemeka hakuna kelele, kwahiyo ukiingia kijijini kwenye kibao cha 50 lazima uangalie dashibodi, sikio litakudanganya. Nimelipa faini mbili za elfu 30, zote njia ya Chalinze, zote miezi miwili ya mwanzo. Baada ya hapo nikajizoesha kuangalia.

Matuta, yale ya lami yaliyojengwa vizuri inapita ukikata kidogo kwa pembeni. Yale ya udongo wanayoweka wananchi wenyewe mtaani ndo yanakwaruza midomo ya bampa. Masika ilipoanza niliomba kupaki kwa jirani mwenye geti karibu na lami, nikawa natembea kwa miguu mita kama mia sita na buti za plastiki mpaka nyumbani, wiki tano. Hilo pia liandike kwenye hesabu yako kabla hujabadilishana: angalia barabara ya kwako mwezi wa nne, usiangalie mwezi wa nane.

Sasa nilichofanya. Baada ya mambo ya mama nilikaa na mama watoto tukaongea siku mbili. Mimi nilikuwa tayari niiuze STI nirudi kwenye Noah, nilishaanza kuongea na dalali. Yeye ndo alikataa. Alisema ukiiuza utakaa unaiangalia kila ikipita barabarani na mimi ndo nitakuwa nakaa na huyo mtu anayeangalia. Alichotaka ni gari yake ya kazi, sio ya kukopa kwangu. Tukatafuta, tukapata kirikuu, ile pikapu ndogo ya mizigo, hela nusu imetoka kwenye mayai yake nusu kwenye rimu za akiba na muziki niliovua kwenye STI nikauza. Kadi imeandikwa jina lake. Anajifunza kuendesha jioni jioni, mifuko ya chakula cha kuku inakaa nyuma vizuri kuliko hata ilivyokuwa kwenye Noah, na masika kirikuu inapita pale kwenye korongo huku imebeba.

Kwahiyo anayeniuliza PM kama ningefanya tena, ningefanya, ila ningenunua kwanza gari ya nyumba halafu ndo nitoe Noah, hata kama ingenichelewesha miaka mitatu. Kubadilishana gari ya pekee mliyonayo nyumbani sitamshauri mtu.

#14

Na bi mkubwa? Goti linaendeleaje?

#15 – MLETA UZI

Asante kwa kuuliza kiongozi. Goti linatibiwa, anakuja Dar kila baada ya miezi mitatu. Tumegundua siti ya mbele ya abiria ukiirudisha nyuma mpaka mwisho na kuweka mto wa sofa juu yake inapanda kiasi, akigeuza mgongo akakaa kwanza halafu akaingiza miguu mmoja mmoja, inawezekana bila kubebwa. Ule mto sasa unaishi kwenye buti, ameushonea mwenyewe kitambaa cha kitenge. Gunia la viazi tunaliweka kwenye basi la asubuhi, tunalipokea Magufuli pale Mbezi na kirikuu.

Mara ya mwisho tunashuka kutoka Soni alikuwa kimya muda mrefu, nikadhani goti. Nikapunguza mwendo nikamuuliza mama unaumwa? Akasema hapana, hebu ifanye tena ile sauti.